Alitumwa na Nani? Jenerali Lloyd Mathews katika Kitabu cha R. N. Lyne

Siku za Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, huwa tunakutana wazee wachache katika nyumba moja hapa Rayners Lane, kaskazini magharibi ya London. Kahawa huwapo, na halua pia ikiwa kuna aliyesafiri karibuni. Majira ya baridi yaliyopita mwenye nyumba alituwekea mezani vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa picha ya babu wa baba yake, kijana wa Kiarabu aliyevaa koti refu la kijeshi lenye nakshi kifuani, mkono mmoja juu ya mpini wa upanga. Cha pili kilikuwa kitabu kikuukuu cha Kiingereza, jalada limefifia, alichokinunua kwa muuza vitabu vya zamani.

Picha ile, alituambia, nyumbani kwao imekuwa ikiitwa siku zote "picha ya afisa wa Jenerali Mathews". Lakini dada yake, aliyeko Maskati, anashikilia kwamba mzee yule alikuwa ndani ya jumba pamoja na Seyyid Khalid bin Barghash asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipopiga mizinga. Yeye mwenyewe alisikia kwa marehemu baba yake kinyume chake: kwamba mzee alikuwa nje, katika safu ya askari waliosimama upande wa Waingereza. Ndugu hawa wawili wamefikia umri wa kuwa na wajukuu, na bado wakizungumza kwa simu hulikwepa jambo hili. "Nyinyi mmesoma," alituambia. "Kitabu kinasemaje?"

Tulikichukua kitabu tukakirejea upya, baada ya miaka mingi tangu tulipokisoma kwa haja ya masomo. Haya tunayoyaandika ni jibu letu kwake. Ni jibu pia kwa wasomaji wa jarida hili, kwani suali lake si la nyumba moja.

Kitabu chenyewe kilitoka London mwaka 1936 kwa jina la An Apostle of Empire, nacho ni maisha ya Sir Lloyd William Mathews. Mwandishi wake, Robert Nunez Lyne, alikuwa mkuu wa kilimo katika serikali ya Zanzibar, na mwaka 1905 alikuwa amekwisha kutoa kitabu kingine juu ya nchi yetu, Zanzibar in Contemporary Times. Kwa hivyo hakuwa mpita njia. Aliijua nchi, aliijua karafuu, na aliitumikia serikali ambayo Mathews ndiye aliyeiwekea misingi. Hilo ndilo la kwanza analopaswa msomaji kulishika. Mwandishi huyu hakuyatazama maisha ya Mathews kutoka nje. Aliyatazama kutoka ofisi iliyojengwa na Mathews.

Jina la kitabu tukilitia katika Kiswahili tutasema Mtume wa Dola. Sisi tulioanza kusoma kwa alifu na bee kabla ya kukutana na herufi za Kizungu, neno hilo hutusimamisha. Hatumlaumu Lyne kwa hilo. Katika Kiingereza neno alilolitumia huambiwa mtu yeyote aliyejitolea nafsi yake kueneza jambo analoliamini. Lakini lugha yetu inatupa faida ambayo yeye hakuwa nayo. Kwetu mtume ni yule aliyetumwa. Kitendo kimo ndani ya neno lenyewe. Mtu akikwambia fulani katumwa, una haki ya kumuuliza: katumwa na nani? Hilo ndilo suali ambalo jina la kitabu linalifungua, na ndilo tutakalopima nalo maisha haya.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Lloyd William Mathews alizaliwa Funchal, katika kisiwa cha Madeira, mwaka 1850. Aliingia katika jeshi la majini la Kiingereza mwaka 1863, akiwa mtoto wa miaka 13. Alipigana katika vita vya Waashanti vya 1873 na 1874, na baada ya vita hivyo akapandishwa cheo kuwa luteni. Mwaka 1875 alipelekwa kwenye manowari iliyokuwa imetia nanga katika bandari ya Unguja ili kufukuza majahazi ya biashara ya watumwa. Jina la manowari hiyo lilikuwa London. Tunapenda kuwakumbusha vijana wetu hapa kwamba London ilifika Unguja kabla sisi hatujafika London.

Mwaka 1877 Seyyid Barghash bin Said alitaka kuwa na jeshi lililofunzwa kwa utaratibu wa Kizungu, mbali na askari wake wa Kiarabu na wa Kibulushi wa mtindo wa zamani. Mathews aliazimwa kutoka manowari ile kuja kulifunza. Walianza na watu kiasi cha 300, wengi wao Waswahili na watu wa bara, na maafisa wao wakawa Waarabu. Mwaka 1881 aliacha kazi katika jeshi la majini la kwao, na Seyyid akamfanya Brigedia Jenerali wa jeshi la Zanzibar. Kutoka hapo hadi kufa kwake, tarehe 11 Oktoba 1901, hakuondoka tena katika utumishi wa nchi yetu. Alikufa kwa malaria Unguja, akazikwa huko huko.

Hapa tunataka kusimama kidogo, maana kuna jambo ambalo wasomaji wa Kiingereza hulipita bila ya kuliona, na sisi pia tumelipita. Vitabu vya Waingereza humwita General Mathews, na humuweka katika safu ya maafisa wao wakubwa wa zama zile. Lakini ujenerali ule hakuupata kwao. Katika jeshi la majini la Uingereza aliondoka akiwa luteni. Aliyemvika ujenerali ni Seyyid Barghash, kwa jeshi la Seyyid, kwa mshahara wa hazina ya Zanzibar, hazina iliyojaa kwa ushuru wa karafuu na pembe. Cheo kilikuwa chetu. Na pale Uingereza ilipompa jina la Sir mwaka 1894, ilimlipa kwa kazi aliyoifanya akiwa amevaa cheo chetu.

Basi katumwa na nani? Kwa hati, katumwa na Seyyid. Na ni haki kusema kwamba kwa miaka kadhaa ya mwanzo alimtumikia Seyyid kwa dhati. Mwaka 1881 nahodha Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba na watu wa jahazi la watumwa lililoongozwa na Hindi bin Khatim. Mathews ndiye aliyekwenda Pemba na askari wa Seyyid kumkamata. Mwaka 1882 aliongoza jeshi la Seyyid hadi Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Mazrui wengi ni katika wasomaji wetu, nao hawatafurahi kwa kumbukumbu hiyo, lakini kwa mizani ya utumishi ilikuwa kazi ya jemadari wa dola anayetii amri ya mwenye dola.

Mwaka 1885 ndio mwaka wa kuutazama vizuri zaidi. Carl Peters alikuwa amekwisha kuzunguka bara akikusanya mikataba, na mwezi wa Februari Kaisari wa Ujerumani akaitia mikataba hiyo chini ya ulinzi wake. Seyyid Barghash alimpeleka Mathews Kilimanjaro na askari. Machifu wa huko, Mandara wa Moshi akiwa mmoja wao, wakakubali bendera ya Seyyid. Tunapomsoma Mathews katika safari hii tunamuona mtumishi hodari akikimbia kwa ajili ya tajiri wake. Lakini mwezi wa Agosti manowari za Kidachi zilikuja zikasimama mbele ya jumba la Seyyid, na Seyyid akalazimika kukubali. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walikaa Ulaya wakaigawa bara. Seyyid akabakishiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Kilimanjaro ikaangukia upande wa Wadachi. Bendera aliyoitweka Mathews kwa niaba ya Seyyid iliteremshwa kwa kalamu ya serikali ya kwao Mathews.

Mwanahistoria wa maisha ya mtu anapofika mahali kama hapa hana budi amkalishe mtu wake kitako na kumuuliza: ulihisi nini, na kwa nini uliendelea? Kitabu kinachomwita mtu wake mtume hakiwezi kumuuliza hivyo, kwani jibu limekwisha kutolewa juu ya jalada. Hiki ndicho kikwazo chetu kikubwa kwa kitabu cha Lyne. Hatusemi kwamba kinamsifu Mathews mno. Sifa huzoeleka, na msomaji makini hujua kuzipunguza. Kikwazo ni kwamba kimeufunga mlango wa mtihani mkubwa kabisa wa maisha yake: kuwa mtumishi wa dola inayouliwa polepole na nchi uliyozaliwa nayo.

Pangani watu waliuona mtihani huo mapema kuliko waandishi. Mwaka 1888, Kampuni ya Wadachi ilipoingia kutawala miji ya mrima, watu wa Pangani waliinuka, na Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kiongozi wao. Seyyid Khalifa bin Said alimpeleka Mathews na askari kwenda kutuliza mambo. Kwa hati alikuwa mjumbe wa Seyyid. Watu wa Pangani hawakumpokea hivyo. Walimuona Mzungu aliyekuja kwa ajili ya Wazungu, na maisha yake yakawa khatarini hata ikambidi aondoke. Ukitaka kujua hali ya mrima katika siku zile usiishie kwa Lyne. Usome utenzi wa Hemed bin Abdallah al-Buhriy juu ya vita vya Wadachi, uliotungwa na mtu wa pwani aliyekuwa karibu na mambo yenyewe. Pale msomaji atakutana na watu wenye hoja, wanaoshauriana na kuhitilafiana. Katika maandishi ya wakoloni watu hao hao huwa ni kelele tu nyuma ya pazia.

Baada ya himaya ya 1890 suali la nani katuma likapata jibu kwa maandishi. Mwaka 1891 balozi wa Kiingereza Gerald Portal aliipanga upya serikali ya Zanzibar: Seyyid Ali bin Said akawekewa posho, hazina ikatoka mikononi mwake, na idara zikapewa wakuu wa Kizungu. Mathews akafanywa Waziri Mkuu. Waziri huyu alitajwa kuwa wa Seyyid, lakini Seyyid hakuwa na uwezo wa kumuondoa bila ya ridhaa ya balozi. Wahenga wetu walisema mshika mawili moja humponyoka. Mathews alishika mawili kwa miaka 14, kutoka 1877 hadi 1891, na hakuna kilichomponyoka yeye. Kilichoponyoka ni dola ya Barghash.

Tukifika 1896 tunafika kwenye picha ya mwenyeji wetu. Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti. Seyyid Khalid akaingia katika jumba, akatweka bendera. Basil Cave, aliyekuwa akikaimu ubalozi, na Mathews walimuonya aondoke, akakataa. Admirali Rawson aliwasili na manowari St George. Ni huyo huyo aliyekwenda kuivunja Mwele mwaka uliopita, na Mathews akiwamo katika msafara. Mwisho wa muda uliwekwa saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Dakika mbili baada ya saa tatu mizinga ikaanza, na kabla ya saa nne kasorobo kila kitu kilikuwa kimekwisha. Meli ya Seyyid iliyoitwa Glasgow ilizama bandarini. Jumba lilivunjika na kuungua. Seyyid Khalid akakimbilia ubalozi wa Kidachi, na kutoka huko Dar es Salaam. Seyyid Hamoud bin Muhammad akatawazwa siku hiyo hiyo.

Mambo haya yamesimuliwa mara nyingi, na siku hizi husimuliwa kama kichekesho: vita vifupi kuliko vyote duniani. Tumewasikia hata watoto wetu wakiyasema hivyo kwa kujivunia, kama kwamba nchi yao imeingia katika kitabu cha maajabu. Tunawaomba waache. Upande wa jumba watu kiasi cha 500 waliuawa au kujeruhiwa katika muda ule mfupi. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, na tunajua hata meli aliyokuwamo: ilikuwa Thrush. Ya yule mmoja yamehifadhiwa, na wale 500 wamebaki tarakimu. Ndani ya jumba hawakuwamo walinzi wa Seyyid peke yao. Walikuwamo raia wa mjini, watumishi na watumwa. Na nje, chini ya Luteni Raikes, walisimama askari 900 wa Zanzibar, vijana wa jeshi lile lile lililoanzishwa na Mathews kwa amri ya Barghash. Jeshi lililofunzwa kumlinda mtoto wa Said bin Sultan lilisimama na bunduki mbele ya mtoto wa Barghash.

Basi hili ndilo jibu la kwanza tulilompa mwenyeji wetu: kitabu hakimtaji mzee wake. Koti lake ni la jeshi la Zanzibar, lakini koti halisemi mwenye koti alisimama wapi asubuhi ile, kwani wenye silaha wa nchi yetu walikuwa pande zote mbili. Hadithi ya dada yake yawezekana, na hadithi ya baba yake yawezekana. Aliinama kidogo, kisha akatuuliza suali ambalo hatukulitarajia: "Ikiwa alikuwa nje, ni aibu?"

Tulimjibu kwamba aibu si neno la kazi yetu. Kijana wa 1896 aliyelipwa na serikali ya Zanzibar, akapewa amri na afisa wa jeshi la Zanzibar, mbele ya Waziri Mkuu wa Zanzibar, angewezaje kujua kwamba Zanzibar ilikuwa upande wa pili wa ukuta? Mathews alijua. Yeye alikuwa karibu na wanaoamua, alisoma barua za balozi, alikuwapo tangu zama za Barghash. Kama kuna wa kuulizwa habari ya siku ile, aulizwe aliyejua, kabla ya kuulizwa kijana aliyesimama safuni.

Lakini hatungekuwa waadilifu tukimalizia hapa, kwa sababu kitabu cha Lyne kina kosa jingine ambalo sisi tunashirikiana nalo. Mathews alikuja Unguja kufukuza majahazi ya watumwa, na wanaompenda humkumbuka kwa hilo kabla ya lolote. Tazameni basi ilivyokuwa mwisho wake. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud alitia saini sheria ya kuondoa hadhi ya utumwa, na serikali iliyoongozwa na Mathews ndiyo iliyoisimamia. Sheria ile haikumwambia mtumwa kwamba kuanzia leo u huru. Ilimtaka aende mwenyewe mahakamani akadai. Akipata uhuru wake, ilimlazimu aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya sheria ile, hadi mwaka 1909. Na fidia ilitolewa kwa waliomiliki watumwa. Waliomilikiwa hawakupewa kitu.

Fidia ile iliingia katika nyumba za nani? Iliingia katika nyumba zetu. Tunaandika hivi tukijua jarida hili linasomwa na nani. Sisi wenyewe tumetoka katika nyumba iliyokuwa na shamba la mikarafuu. Tulipokuwa wadogo tulihadithiwa mikarafuu ilikuwa mingapi, nani aliipanda, na mavuno ya mwaka gani yalikuwa mazuri kuliko yote. Hatukuhadithiwa jina hata moja la mtu aliyepanda juu ya mti kuichuma. Tunapomlaumu Lyne kwamba nchi nzima katika kitabu chake ni pahala pa Mathews kuonyesha ushujaa wake, tujiulize watu wangapi tumewafanya hivyo katika hadithi zetu za shamba.

Wanahistoria wetu wa lugha ya Kiarabu na Kiswahili nao wana sehemu yao. Sheikh Said bin Ali al-Mughairi, katika Juhaynat al-Akhbar kilichochapishwa Oman mwaka 1979, ametuhifadhia mambo ambayo Muingereza hakuweza kuyajua, na bila yake tungekuwa masikini. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alituandikia Seyyid Said bin Sultan kwa Kiswahili safi. Lakini uti wa mgongo wa taarikh hizi ni watawala: aliyeshika, aliyemfuatia, aliyeondolewa. Lyne naye ana uti wa mgongo mmoja, Mathews. Ukiviweka vitabu hivi juu ya meza moja utapata mabwana wa pande zote mbili wakitazamana, na waliokuwa wakiwabebea mizigo hawamo katika chumba.

Je, tukitupe kitabu cha Lyne? Wapo katika mkusanyiko wetu waliosema hivyo, tena kwa sauti. Rai yetu ni kinyume. Mtu aliyefanya kazi ndani ya nyumba, hata akiipenda mno nyumba ile, anajua milango yake. Kitabu cha 1936 ni ushahidi mzuri wa namna maafisa wa zama zile walivyojifahamu wenyewe, na mkosoaji anayeutupa ushahidi kwa sababu umetolewa na mpinzani anajinyima. Ila kisomwe ubavuni mwa al-Mughairi na al-Buhriy. Na yeyote anayekitaja katika mabishano yetu ya baada ya 1964, ama kuonyesha kwamba Waingereza walitupenda, ama kwamba walitusaliti, akumbuke kwamba Lyne hakuandika kwa ajili ya mabishano hayo. Aliandika kwa ajili ya wenziwe waliokuwa wakiamini kwamba dola yao itadumu.

Hapa Rayners Lane kuna jengo ambalo wengi wetu hulipita tukienda stesheni. Lilifunguliwa mwaka 1936, mwaka ule ule kilipotoka kitabu cha Lyne, likiwa sinema, na mbele yake lina umbo la ajabu linaloshuka kama mkonga wa ndovu. Leo ni kituo cha Wazoroasta, ndugu wa wale Maparsi tuliokaa nao mji mmoja Unguja. Ukuta haukubadilika, walioingia ndani ndio waliobadilika. Lyne naye hakuwaza kwamba kitabu chake kingekuja kufunguliwa katika mtaa huu, na watukuu wa maafisa wa Kiarabu aliowaongoza Mathews, wakitafuta ndani yake jina la mtu wao.

Jina hilo halimo, na hakuna atakayelitia ila sisi. Kwa hivyo tunawaomba wasomaji wetu jambo moja lisilo na gharama. Katika makabati ya Maskati, Dubai, Mombasa, Unguja na hapa London kuna picha, hati za mashamba, barua na karatasi za fidia za 1897 na miaka iliyofuata. Kila iliyo mikononi mwenu, andikeni nyuma yake majina mnayoyajua kabla aliyeyajua hajatangulia mbele ya haki. Andikeni ya askari pamoja na maafisa. Na ikiwa katika hati ya shamba limetajwa jina la mtumwa, msilifiche kwa kuona haya. Linakilini kama lilivyo, kwani huenda ndilo andiko pekee duniani lenye jina la mtu yule, na wajukuu zake nao wanamtafuta.

Mwenyeji wetu alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha aliigeuza picha, akachukua kalamu ya risasi, akaandika jina la mzee wake, na chini yake neno "afisa". Alinyamaza kidogo. Akaongeza mistari miwili: kwamba kwa mapokezi ya binti wa ukoo alikuwa ndani ya jumba, na kwa mapokezi ya mtoto wa kiume alikuwa nje. Akatia tarehe. Halafu akatuomba simu yetu aipige picha ile maandishi, ampelekee dada yake Maskati usiku huo huo.